Gari Lililoitika

Gari lilijibu simu ambayo haikuita.

Kaeni vizuri basi, na mwenye moyo mwepesi akae karibu na mlango, maana hii hairudiwi. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, kwenye uwanja wa karakana moja ya vioo na fremu za alumini. Dereva wa karakana alikuwa amelaza kiti nyuma, viatu juu ya dashibodi, kikombe cha chai tumboni. Simu yake ilikuwa mfukoni, haikulia wala haikutetemeka. Skrini ya gari ikawaka yenyewe. Pale panapoandikwa jina la mpigaji pakabaki patupu, na spika zikasema kwa sauti yake yeye mwenyewe, ile sauti nzito ya kujidai, "Niko njiani, nafika sasa hivi."

Upande wa pili mtu akashusha pumzi ndefu, kama aliyekuwa akilingoja jibu hilo tangu kuzaliwa. Kisha skrini ikazimika.

Dereva akacheka, akamalizia chai. Watu wengine masikio wamepewa ya kuzuia kofia isishuke.

Kazini walimwita Nafika, na jina hilo alilitolea jasho. Mteja akimpigia naye bado ana povu la sabuni kichwani, yuko njiani. Akiwa kitandani amejifunika gubigubi, yuko njiani. Siku moja alimwambia mteja yuko njiani, kumbe mteja mwenyewe amesimama nyuma yake, na hata hapo hakuona haya. Aligeuka akamwambia, si unaona nimefika. Uongo kwake ulikuwa kama kikohozi, unatoka tu.

Tajiri wake, mwenye karakana, hakuwa na ugomvi na uongo. Ugomvi wake ulikuwa na simu. Dereva aliyetangulia alishika simu kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, akauvaa ukuta akiwa na shehena nzima ya vioo mgongoni. Tajiri akanunua gari jipya lenye kila kitu ndani yake: simu unaongea bila kuishika, ujumbe unasomewa, ramani inakuelekeza kona kwa kona. Akatangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba mikono ni ya usukani, na atakayeshika simu humo ndani akatafute kazi ya kushika jembe.

Mwingine angenuna. Nafika alichekelea. Alichokonoa skrini ile mpaka akapata mahali pa kuliamuru gari lijibu lenyewe. Unarekodi maneno yako mara moja, basi kila anayepiga anajibiwa kwa sauti yako, na kila anayeandika anarudishiwa maneno yale yale. Akakohoa kidogo kusafisha koo, akarekodi. Tangu siku hiyo alidanganya hata usingizini. Akawa anatamba kwamba madereva wengine wana utingo, yeye ana msaidizi wa kudanganya, hali, halali, wala haombi ruhusa ya kwenda msibani.

Aliyeuamini uongo huo kuliko wote ni shangazi yake. Shangazi huyu ndiye aliyemlea tangu akiogeshwa kwenye beseni. Sasa shangazi alikuwa mtu mzima, ameteleza bafuni akavunjika nyonga, anatembea kwa magongo mawili, anaishi peke yake upande mwingine wa mji katika nyumba ya vyumba viwili na ukumbi. Kila alasiri alimpigia mtoto wake. Kila alasiri gari likamjibu kwamba mtoto yuko njiani. Shangazi akajikongoja mpaka mlangoni, akatoa komeo ili kijana asije akasimama juani, akaweka maji jikoni, akaketi. Giza likiingia akajikongoja tena kurudisha komeo. Kwa majirani hakumsema vibaya hata siku moja, alilaumu foleni.

Nafika alijua. Alijua kama tunavyojua kwamba jino limetoboka.

Simu isiyo na jina ikarudi. Ikawa inaingia mchana kweupe, gari likiwa barabarani, na kila ikiingia matundu ya kiyoyozi yanatoa harufu ya nywele zilizoungua. Nafika alifikiri ni waya. Akafungua, akanusa, akafunga. Gari likajibu, "Niko njiani, nafika sasa hivi," na huko upande wa pili kukasikika kitu kikikwaruza, taratibu, kama kucha juu ya kioo kikavu.

Siku aliyokuwa na fundi garini ndipo mambo yalipopata maneno. Fundi huyo alikuwa mkata vioo wa karakana, mtu mfupi mwenye makovu kuanzia vidoleni hadi viwikoni. Walimwita Almasi kwa sababu ya kalamu yake ya kukatia yenye ncha ya almasi, ambayo hakumwazima mtu hata kwa dakika. Walikuwa wanatoka kufunga madirisha kwenye zahanati. Skrini ikawaka. Gari hilo lilikuwa na sauti ya kike ya kusomea ujumbe, sauti kavu isiyojua kupumua. Safari hii haikuwa hiyo. Iliyosoma ilikuwa sauti iliyopumua.

"Umesema unakuja," ilisema. "Nimeketi nakusubiri."

Almasi akamtazama dereva. Akauliza kwa sauti ya chini huyo ni nani, akaambiwa ni mteja msumbufu. Akauliza ni mteja gani asiye na namba.

"Namba zimefichwa. Watu wana madeni yao, Almasi, usiwe mshamba."

"Wewe hukufundishwa kwamba ukiitwa na usiyemwona usiitike?"

"Sijaitika mimi. Limeitika gari."

"Kwa sauti ya nani?"

Nafika akawasha redio.

Lakini jioni ile aliifuta ile sauti aliyorekodi. Skrini ikamwuliza kama ana uhakika, akabonyeza ndiyo, ikamwambia imefutwa. Hapo hapo simu isiyo na jina ikaingia, na gari likajibu kwa sauti yake, tena safari hii likaongeza kicheko chake, kicheko ambacho hakuwahi kukirekodi.

Kesho yake ramani ikaanza ukaidi. Yeye na Almasi walikuwa wanakwenda kupima milango ya duka la viatu. Ramani ikafuta njia ya duka, ikachora mstari mwekundu uliopita katikati ya majengo, ukatoka nje ya mji, ukaishia kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa, shimo ambalo hata mbuzi hawashuki. Nafika akakata kona kuelekea dukani. Sauti ile ikasema polepole, "Geuka." Akaendelea. "Nimesimama sasa. Geuka." Akaendelea, akisonya, na hapo mkanda wa kiti ukajivuta.

Ulianza kifuani kama kawaida ya mkanda, akadhani amefunga breki kwa nguvu. Kisha ukapanda. Ukapita begani, ukaingia chini ya kidevu, ukajikaza mpaka macho yakamtoka na ulimi ukachungulia nje, miguu ikipiga teke pedali zote kwa pamoja, gari likipanda ukingo wa barabara na kuangusha kibao cha kinyozi. Almasi akachomoa kisu cha kukatia mpira, akakata mkanda ule kwa mikwaruzo ya haraka haraka, na kila uzi uliokatika ulilia kama mtu anayeumizwa. Ulipoachia, Nafika alikuwa na alama ya zambarau shingoni mfano wa mkufu.

 Almasi alimshika mkono kama mtoto aliyeiba sukari, akampeleka kwa muuza magodoro.

Usicheke. Mtu huyo aliuza magodoro, na watu walijaa kwake kwa ajili ya magodoro, ila wachache walijua kwamba nyuma, kati ya marundo yale yanayomeza sauti, alikuwa akitoa pepo. Alikuwa mnene, mwenye hasira za karibu, na alipomwona Nafika mlangoni akamwamuru kwanza aiache simu nje. Akamkalisha, akainusa shingo yake bila kuigusa, akamtaka aeleze. Walinong'ona watatu hao kama wezi wanaogawana.

Muuza magodoro akasema kwamba majini walioko huko huita watu kila siku, kama mvuvi wa samaki mwenye subira, na watu wengi hawasikii, au wakisikia hawaitiki. Huyu ameitika. Ameitika mara nyingi, kwa kinywa chake, na kila mara ameahidi.

"Ahadi kwao si maneno," alisema. "Ni kamba. Ulipoisema uliifunga shingoni mwako, na yeye ameshika ncha."

"Sasa nifanye nini?"

"Nenda ulikoitwa. Nenda sasa hivi, wakati bado amesimama. Ukimwona sema nimefika, basi. Akishasikia, kamba imekatika. Lakini hataondoka mikono mitupu. Atachukua kilichoahidi."

Nafika akafikiri kidogo, akaona nafuu. "Kilichoahidi ni gari. Lichukuliwe tu, ni la tajiri."

 Muuza magodoro akaendelea kumtazama mdomo. Ndipo kijana akasimama, akajikung'uta, akashukuru, akasema atakwenda, kesho asubuhi na mapema, waamini tu. Yule mzee mnene akaruka, kwa unene ule, akamziba kinywa kwa kiganja.

"Umerudia tena," akanong'ona. "Umeahidi tena, mbele yangu."

Nje, juu ya ngazi, simu iliyoachwa peke yake ikawaka, ikazimika.

Sasa tajiri naye alikuwa na yake. Kulikuwa na vioo vikubwa vya kujiangalia vya ukumbi wa mazoezi, vile vya kufunika ukuta mzima, na mwenye ukumbi alikuwa anafoka. Almasi alitaka waanze na machimbo. Nafika akasema washushe vioo kwanza, ukumbi uko njia hiyo hiyo, kazi ya mara moja, wakitoka hapo moja kwa moja wanakwenda kulimaliza. Almasi alijua anachokisikia. Lakini vioo vile alivikata yeye, na hakuna mkata vioo anayemwachia dereva kazi yake ikasafiri peke yake. Akapanda nyuma, akaketi katikati ya vioo vilivyosimamishwa huku na huku kwenye fremu ya mbao iliyovishwa mablanketi, akashika kimoja kwa kila mkono.

Walikuwa wamepita soko. Jua la mchana liliingia kwa nyuma, likagonga vioo, gari lote likajaa mwanga mpaka Nafika akakunja macho. Akatupa jicho kwenye kioo cha ndani kumwangalia mwenzake. Akamwona Almasi, na Almasi wengine kumi waliorudiwa ndani ya vioo, wote wameinamisha vichwa. Na nyuma ya kila Almasi alichutama mtu.

Nywele zilizoungua zikanuka mpaka machozi yakamtoka.

"Nimechoka kusubiri," gari lilisema. "Usije. Nakuja mimi."

Almasi alisikia. Akainua uso, akaona kwenye kioo kilichokuwa mbele yake kile kilichokuwa nyuma yake, akafungua kinywa, na kabla neno halijatoka akakamatwa kisogoni akasukumwa uso ndani ya kioo. Kioo kikapasuka. Akavutwa nyuma, akasukumwa kwenye cha pili, akavutwa, cha tatu, na Nafika akiwa amekanyaga breki kwa miguu yote miwili na gari halisimami, linateleza tu kwa mwendo ule ule kama mtu anayetembea matembezi, aliona kwa kioo cha ndani mwenzake akipigizwa huku na huku kama nguo inayofuliwa, damu ikiruka mpaka kwenye dari, vipande vikimwagika mabegani mwake kama mvua ya mawe, mpaka kioo cha mwisho kilipomwingia shingoni na kubaki humo. Ndipo gari likasimama. Lilisimama vizuri, pembeni, na taa za tahadhari likaziwasha lenyewe.

Nafika akamrukia Almasi, akakata viganja vyake kwenye vipande, akamshika shingo kuziba panapotoka, na damu ikapita katikati ya vidole ikiwa ya moto. Almasi alimtazama. Hakukuwa na lawama machoni, kulikuwa na kazi: alikuwa anaonyesha kwa macho, mbele, mbele, kwenye skrini. Nafika akageuka kutazama. Aliporudisha uso, fundi alikuwa ameshakwenda.

Watu waliokuwa wakikimbilia gari waliiona skrini ile kwa macho yao, na wengine wao mpaka leo hawapandi gari lenye skrini.

Kwenye ramani kulikuwa na nukta. Ilikuwa imetoka pale pale gari lilipo, iko barabarani, inakata mji kwa mwendo wa gari lisilo na foleni. Chini yake, pale panapoandikwa anakokwenda msafiri, paliandikwa Shangazi.

Alasiri ilikuwa imeingia. Saa ya komeo.

Simu ya mfukoni ilikuwa imevunjika aliporuka, kioo chake kimekuwa unga. Ilibaki ya gari. Akakanyaga mafuta, akawaacha watu wanapiga mayowe na maiti ya rafiki yake imelala nyuma juu ya mablanketi, akalipigia kelele gari limpigie shangazi. Gari likatii. Simu ikaita. Ikapokelewa.

"Mwanangu," shangazi alisema. "Leo sauti yako iko karibu."

"Shangazi, usifungue mlango. Funga komeo, ingia chumbani, usimfungulie mtu hata akiwa mimi."

Akayasikia maneno yake yakifa kinywani. Kipaza sauti hakikuyabeba. Spika ndizo zilizosema, kwa sauti yake, tamu, ya mtoto anayejipendekeza, "Niko njiani, shangazi. Leo kweli. Fungua mlango."

"Nimeshaufungua, baba. Uko wazi tangu saa ile. Maji yanachemka."

"Shangazi!"

"Kuna kelele huko kwako. Ni upepo?"

"Ni upepo," spika zikasema. Simu ikakatwa.

Na hapa ndipo Nafika alipokutana na dhambi yake uso kwa uso, kwa maana alikuwa hajaenda nyumbani kule kwa muda mrefu kiasi kwamba njia ilikuwa imemtoka kichwani, naye amezoea kuongozwa na ramani, na ramani leo ilikuwa mali ya mwingine, ikimwambia pinda kulia panapokuwa na ukuta na nyoosha panapokuwa na mtaro, basi akaipasua kwa kiwiko akaendesha kwa kumbukumbu ya utotoni, akitafuta duka la vitabu ambalo sasa lilikuwa benki, akitafuta kiwanja cha mpira ambacho sasa kilikuwa ghorofa, akipotea, akirudi kinyumenyume huku honi zikimtukana na mwili wa Almasi ukiteleza nyuma na kugonga kiti chake kila akifunga breki kama mtu anayemhimiza, na skrini ile ingawa imepasuka ilizidi kuonyesha nukta, nukta iliyokuwa haipotei hata mara moja, ambayo ilipinda pale pa kupinda na kunyooka pale pa kunyooka, kama mtu anayekwenda nyumbani kwao kila siku, mpaka alipoingia kwenye kichochoro chenyewe na kuliona lile geti la bluu akaona pia kwamba nukta imeshasimama.

Alilivunja geti kwa gari. Akatoka akikimbia, amelowa damu isiyo yake.

Mlango ulikuwa wazi. Ukumbini, shangazi alikuwa ameketi kwenye kiti chake, magongo yameegemea ukutani, sufuria ya maji ya moto juu ya stuli karibu naye. Alikuwa amenyamaza kama mtu anayepimwa shinikizo la damu. Na mbele yake, amepiga magoti, ameushika ule mguu wenye nyonga mbovu akiukanda kwa upendo, alikuwepo Nafika. Shati safi. Nywele zimechanwa. Akageuza uso.

"Shangazi, tazama," yule aliyepiga magoti alisema kwa upole. "Ndiye niliyekwambia atakuja. Ndiye jini mwenyewe, ona damu hiyo. Usimjibu."

Huku akiendelea kuukanda mguu, akawa anauzungusha. Kidogo. Kama anavyofungua mtu kifuniko cha chupa.

Nafika wa mlangoni alishika fremu ya mlango. Alihema tu. Shangazi akamtazama yule msafi, akamtazama huyu mchafu, uso wake umekunjika kwa maumivu ya nyonga, na akauliza kwa sauti ya kunong'ona, "Wewe wa mlangoni, umechelewa wapi?"

"Nilipotea, shangazi. Nilisahau njia."

"Na wewe?" akamwuliza wa miguuni.

"Mimi nilisema nakuja, nikaja. Sikuchelewa hata kidogo."

Shangazi akatikisa kichwa, na uso wake ukawa na huzuni kuliko hofu. "Nimemlea kwa mikono yangu," alisema. "Wangu hajawahi kuja aliposema."

Akainyanyua sufuria akaimimina yote kichwani mwa yule msafi.

Sauti iliyotoka haikuwa ya koo moja. Uso ule ukavimba, ukachanika, ngozi ya Nafika ikaanguka vipande vipande kama rangi mbovu ya ukutani, na ndani yake palikuwa na kitu cheusi chenye urefu ambao chumba hakikuweza kuubeba, kikajikunja chini ya dari, nywele zake zikifuka moshi. Kikauzungusha mguu wa shangazi mara moja tu, mfupa ukasikika. Nafika akaruka. Alikuwa na kipande cha kioo cha Almasi kiganjani, akakididimiza pale alipodhani pana jicho, kitu kile kikampiga ukutani mpaka plasta ikaanguka, akarudi, kikamvunja mkono, akarudi kwa mkono mmoja, akauma, akapiga kichwa, na shangazi chini sakafuni alikuwa ameshika gongo moja analitwanga jini miguuni kama anayetwanga mahindi, huku akisoma kila dua aliyoiweka moyoni tangu utotoni, bila kupumzika, bila kukosea.

Kikamkamata kijana shingoni, kikamnyanyua mpaka uso kwa uso. Ndipo akakumbuka.

"Nimefika," alisema. "Uliyekuwa unamngoja ni mimi. Nimefika."

Kila kitu kikatulia. Hata moshi ukasimama.

"Umefika," jini likasema. "Nipe basi."

"Gari liko nje."

Likacheka kwa kicheko chake mwenyewe Nafika, kile cha kujidai. Kisha likaingiza mkono kinywani mwa kijana. Uliingia mpaka kifundo, ukapita, shangazi akaona shingo ya mtoto wake ikitanuka, na ulipotoka ulitoka na kitu kinachotetemeka chekundu, na juu ya hicho kitu kingine ambacho hakikuwa na rangi wala umbo, lakini kilikuwa kinaongea. Jini likakimeza. Likapita mlango ulio wazi, kivuli chake kikifuata nyuma kwa kuchelewa kidogo, na nje gari likazimika.

Alikaa hospitali mpaka kinywa kikapona. Shangazi alikaa kitanda cha pili, mguu umetundikwa, akimlisha uji kwa kijiko na kumtania kwamba sasa amepata mwanaume anayejua kusikiliza. Almasi alizikwa, na Nafika alisimama kaburini bila kuweza kumwomba msamaha. Tajiri aliliuza gari kama chuma chakavu. Polisi waliandika ajali. Kijana akahamia kwa shangazi, akawa ndiye anayechota maji, anayepika, anayetoa komeo asubuhi na kulirudisha alasiri, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, kila jioni alikuwepo.

Ikawa jioni moja wameketi ukumbini, mkono wake uko ndani ya mikono ya shangazi, mtu akabisha.

"Shangazi," sauti yake ikasema nje ya mlango. "Ni mimi. Nifungulie."

Nafika alihisi vidole vya shangazi vikikaza. Shangazi hakushtuka, hakupiga kelele. Akamtazama kijana wake machoni kwanza, muda mrefu, ndipo akageukia mlango.

"Mwenyewe yuko hapa," alisema.

Kisha nyayo zikashuka ngazi, bila haraka, zikapita chini ya dirisha, zikafuata ukuta mpaka nyumba ya pili, kwa yule jirani aliyemjua tangu akiwa mtoto wa kuchungulia madirisha na kuomba embe. Nafika akasimama, akakimbilia ukutani, akaanza kuupiga kwa ngumi, kwa kichwa, kinywa wazi, hakuna kinachotoka.

Yule wa nje akabisha huko. Akajitaja.

"Ah, ni wewe," jirani alisema kwa furaha, na wakasikia komeo likitolewa.